Ramadhani ya Kamanda

Wadogo zangu mlioniomba niandike habari za kazi yangu, mtanisamehe. Mishahara siikumbuki vizuri, na ile ninayoikumbuka haifurahishi. Vyeo navyo vilikuwa haba. Katika miaka yangu yote ya kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza wazee wa Texas nilipandishwa cheo kwa heshima zote mara moja tu, na aliyenipandisha alikuwa amekaa bafuni, povu la sabuni masikioni. Alinifanya sajini. Nitafika huko.

Nilianzia Houston, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mume wangu Athumani alitangulia, akawa anaendesha teksi. Mimi nikamfuata kutoka Tanga na sanduku moja, nusu nguo, nusu iliki na mdalasini, maana nilikuwa nimeambiwa Amerika hakuna ladha. Haukupita muda nikavaa suruali ya buluu ya kazini, suruali ya kwanza maishani mwangu, nikaingia kwenye nyumba ya kutunzia wazee iliyonukia dawa ya sakafu na kahawa iliyoungua.

Siku ile ya kwanza nilimwamkia kila mzee kama nilivyolelewa. Nilipinda goti, nikamshika mkono, nikamuuliza ameamkaje, usingizi ulikuwaje, watoto hawajambo, na magoti je. Wazee walifurahi mno. Mmoja alilia. Lakini chakula cha mchana kilipofika nusu ya wazee wangu walikuwa bado na nguo za kulalia. Mkuu wetu wa zamu, Miss Loretta, Mmarekani mweusi mwenye mikono mipana na sauti ya kuimbia kanisani, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, salamu zako tamu," akasema. "Ila hapa tunaamkia huku mikono inafanya kazi."

Yeye ndiye aliyenipa kazi hii. Alinifundisha mkanda, ule mkanda mpana wa kitambaa unaofungwa kiunoni mwa mgonjwa ili umshike anapoinuka. "Mkono wa mtu si kitasa cha mlango," alisema. "Usiuvute. Mshike kiunoni, mwambie unataka kufanya nini, mhesabu wote wawili, muinuke pamoja." Alinifundisha kumgeuza mtu mzito kwa shuka bila kuumia mgongo, na kupasha maji mpaka kiwiko chako kikubali, kwa sababu kiganja cha mfanyakazi kimeshazoea moto na ni shahidi wa uongo. Na alinifundisha jambo moja ambalo nililibeba kwa miaka kabla ya kulielewa: "Asiyekula anakwambia kitu. Usikimbilie kijiko. Kwanza sikiliza."

Baadaye Athumani alipata kazi kwenye ghala moja kule Mesquite, nasi tukahamia kaskazini. Mimi nikapata kazi Mansfield. Tukapanga nyumba Arlington, katikati ya kazi zetu mbili, ili wote tuchelewe sawasawa.

Nyumba ya Mansfield ilikuwa ndogo, ya matofali mekundu, na mti mmoja wa kokwa mbele yake ambao ulidondosha kokwa juu ya magari yetu kama mtoto mtukutu. Nesi mkuu alikuwa Kerubo, Mkisii, mwembamba, mwenye kucheka kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Tulisemezana Kiswahili mbele ya wazee, yeye cha Kenya na mimi cha Tanga, na kila mmoja aliamini mwenzake anakiharibu.

Siku aliponipeleka chumba cha mwisho kwenye korido alisimama kwanza mlangoni.

"Huyu tunamwita Kamanda," akasema. "Alikuwa Meja wa jeshi la Ujerumani, ile vita ya Hitla. Amefukuza wafanyakazi wengi. Hapigi, hatukani. Anakuangalia tu mpaka unajiona umevaa shati nje ndani. Na kila ukimletea chakula atakuuliza kama vijana wamekula."

"Vijana gani?"

"Askari wake. Walishaenda hao, zamani sana. Wewe mwambie wamekula, atachukua kijiko. Usipoteze masaa ukimwelezea."

Sitawaficha, niliingia na moyo mzito. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi katika vita ile nyingine, ya kabla, Wajerumani walipopigana na Waingereza kwetu. Alibebeshwa masanduku yao mpaka bega lake moja likashuka, na halikupanda tena hadi anakufa. Nimekua nikiliona bega lile. Na sasa mimi mjukuu wake nilitumwa kumnyoa ndevu kamanda wa Kijerumani.

Alikuwa amepita themanini na tano, mrefu hata akiwa kwenye kiti cha magurudumu, nyonga yake imevunjika na kuungwa vibaya. Chumbani mwake hapakuwa na nishani wala picha ya sare. Palikuwa na picha ya mkewe, aliyezikwa kwenye makaburi yaliyo karibu na pale, na kijiko cha bati kilichopinda ambacho alikitumia kula kila kitu, hata supu. Nilipinda goti, nikamshika mkono, nikamwuliza ameamkaje. Huku mkono wa pili ukifunga mkanda kiunoni mwake, kama Miss Loretta alivyotaka.

Akaniangalia. Nami nikamwangalia. Shati langu lilikuwa limevaliwa sawa.

"Endelea," akasema.

Alizungumza Kiingereza chenye lafudhi nzito ya Kijerumani, nami nakiandika hapa kwa Kiswahili. Vita vyake nilivipata vipande vipande, kwa mpangilio wa mwili. Nilipomnyoa shavu alikuwa Ufaransa, luteni kijana, akiongoza magari ya farasi, na farasi walikuwa na akili kuliko makapteni. Nilipomsugua miguu alikuwa Urusi, na alinionyesha nafasi ya vidole viwili vya mguu vilivyobaki kwenye theluji. Huko ndiko alipopewa kikosi chake mwenyewe, kwa sababu waliokuwa juu yake walikuwa wamekwisha. Kisha jeraha, hospitali, na amri ya kwenda Tunisia, ambako alitoka kwenye baridi ya kuua akaingia kwenye mchanga unaong'ata meno. Huko wakazingirwa na bahari ikiwa nyuma yao. Akawapanga vijana wake mstari mnyoofu, akawasalimisha kwa Waamerika.

"Wakanileta Texas kwa meli, mfungwa, bila nauli," alisema. "Nikaipenda. Mara ya pili nilikuja na mke wangu, na nikajilipia. Ndiyo tofauti ya kushinda na kushindwa, Bibi. Mshindwa anasafirishwa bure."

"Na huyo mliyempigania?" nilimuuliza siku moja, wembe ukiwa shingoni mwake. Nakiri wembe ule ulinisaidia kuwa jasiri.

Hakutikisika. "Nilimtumikia mtu mwovu kwa bidii nzuri. Usiniambie bidii ilikuwa nzuri. Watu wengi hunifariji hivyo."

Sikumwambia. Ndiyo siku aliyonifanya sajini, bafuni, nilipokuwa nampaka sabuni kichwani. Alisema luteni angemfariji, lakini sajini humaliza kunyoa. Kerubo alipopata habari alinipigia saluti kwa bomba la sindano, na ilibidi nimfanyie Athumani gwaride jikoni kabla hajanipa chai.

Basi tukaishi hivyo. Kila trei ilipofika Kamanda aliuliza, "Vijana wamekula?" Mimi nikajibu, "Wamekula, Kamanda." Yeye akachukua kijiko cha bati. Yalikuwa maneno tu, kama "hujambo" na "sijambo", na sikuyafikiria tena.

Ikaja Ramadhani. Miaka ile iliangukia kwenye baridi, siku fupi, funga nyepesi. Zamu yangu ilianza asubuhi na kuishia jioni, na magharibi iliponikuta kazini nilijiiba kwenye chumba cha wafanyakazi, nikafungua kwa tende na maji, nikarudi. Sikumwambia mtu. Kwetu mtu hatangazi funga yake. Aliyekaribisha chakula nilimwambia nitakula baadaye, ambayo ni kweli.

Badiliko lilikuwa dogo mno hata sikuliona kuwa badiliko. Funga si ya tumbo peke yake, ulimi nao hufunga. Kamanda alipouliza kama vijana wamekula nilishindwa kumdanganya, nikajibu, "Watakula, Kamanda, inshallah." Nikajipongeza kwa werevu.

Akasukuma trei. "Baadaye, sajini."

Nikadhani uji umempotezea hamu. Mchana akasukuma nyama. Chakula cha jioni, ambacho wazee wa Texas hupewa jua likiwa bado linawaangalia, nacho kikarudi. Kesho yake vivyo hivyo. Alikunywa maji na dawa zake, basi. Kerubo alinunua kwa mkono wake soseji na kabichi chachu, akaziweka mbele yake zikitoa moshi. Kamanda alifumba macho, akavuta harufu mpaka pua ikatetemeka, akasema, "Baadaye." Nilimtazama mtu akitamani chakula kwa mwili wake wote na kukikataa, na nikaogopa. Nilidhani ameamua kufa.

Lakini siku zangu za mapumziko alikula. Hapo ndipo pabaya. Mimi nikiwa Arlington nikikanda unga, Kamanda alikuwa Mansfield akiomba mkate wa pili.

"Mama Rukia, hebu kuja kidogo," Kerubo aliniita, mlango akaufunga. "Trei ya Kamanda imerudi vile ilienda."

"Anasema baadaye."

"Na wewe ukiwa off hasemi baadaye. Anakula kama kijana wa shule ya bweni." Hakucheka. "Amepungua. Mimi nakujua, siwezi kufikiria mabaya. Lakini mtu asiyekujua, akiangalia mizani na akiangalia zamu zako, ataona nini?"

Nilielewa. Ataona mfanyakazi anayemnyima mzee chakula. Kwa jambo kama hilo unapoteza kibali cha kazi, na hakuna nyumba ya wazee kutoka hapo mpaka Houston itakayokuajiri tena kushika hata fagio.

"Nimempigia msichana wake," Kerubo akasema. "Sheria ni lazima. Anakuja kutoka Houston. Anataka kumhamisha, ameshapata mahali huko karibu na yeye. Pole, dada."

Na Kamanda je? Kila Jumapili gari letu lilimpeleka kwenye kaburi la mkewe. Alikaa pale kwenye kiti chake, kofia magotini, akimweleza mambo ya wiki. Houston ni mwendo wa saa nyingi. Kumhamisha kulikuwa kumtenga naye mara ya pili.

Binti aliitwa Ingrid, mwanamke wa makamo mwenye urefu wa baba yake na macho ya mtu aliyeendesha gari kwa hasira. Hakunipa mkono. "Nataka kuona mwenyewe anavyolishwa," akasema. Akakaa pembeni ya kitanda. Kerubo akasimama mlangoni. Nami nikaleta trei ya mchana.

Kamanda alimsalimu bintiye kwa Kijerumani, akanigeukia.

"Vijana wamekula?"

"Watakula, Kamanda, inshallah."

Safari hii hakusukuma trei mara moja. "Lini?"

Nilikuwa nimechoka, nimefunga, na kazi yangu ilikuwa inaniponyoka mbele ya macho. Nikasema ukweli wa pekee niliokuwa nao. "Jua likizama."

"Basi na mimi jua likizama." Akaisukuma.

Ingrid alipiga kelele. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima akazikuta mfukoni mwake.

"Mama yangu alikuwa anataka kumuua kwa hili!" akasema. "Nyumbani hakai mezani mpaka kila mtu ana chakula mdomoni. Sisi, wageni, fundi wa mabomba, mbwa. Kamanda hula mwisho. Chakula chetu cha Krismasi kilipoa kila mwaka." Akafuta macho. "Umemwambia kuna watu hawajala. Hawezi kula. Lakini nani hajala humu ndani?"

Kerubo akanigeukia taratibu. "Mama Rukia. Wewe umefunga."

"Nimefunga."

"Na hukusema!"

"Mtu hutangaza funga?"

"Aki woiye! Si ungemwambia tu wamekula, kama sisi wote?"

"Ramadhani, Kerubo? Nikae na njaa tangu alfajiri halafu niiharibu kwa uongo saa sita mchana?"

"Na miezi ile mingine ulikuwa unamwambia nini?"

Jibu lake mpaka leo natafuta.

Ingrid akamwinamia baba yake, akamuuliza kama alijua kwamba nimefunga. Mzee alionekana kuudhika kidogo.

"Sajini anasema bado. Inatosha. Kamanda anayeuliza sababu anatafuta ruhusa ya kula."

Hatukumaliza mambo kwa kicheko. Ingrid alisema anaelewa, lakini baba amekonda, na mapenzi hayaongezi kilo. Atarudi mwezi ukiisha. Akikuta amerudia uzito wake atabaki Mansfield. La sivyo, Houston. Hakusema lolote juu ya jina langu, na halikuhitaji kusemwa.

Tukapanga. Nilimwomba Kamanda angalau ale mchana na Kerubo, aliyekaa mbele yake akitafuna soseji kwa bidii zote. "Mmoja amekula," akakubali. "Si wote." Basi mfanyakazi wa usiku akawa anamlisha alfajiri kabla sijaingia, naye, Mbatisti mwema, alisema wamekula bila dhamiri kumsumbua. Jioni Kerubo aliamuru jiko lihifadhi trei. Nami nikaacha kujificha. Jua liliposhuka nyuma ya ule mti wa kokwa nilivuta kiti mbele ya Kamanda, nikamwonyesha tende, nikaila. Aliangalia koo langu mpaka imeshuka. Ndipo kijiko cha bati kikainuka.

Chakula cha jikoni kwetu kilikuwa cha hospitali, hakina kosa wala sababu. Nikaanza kuleta vibakuli kutoka nyumbani, baada ya Kerubo kuhakikisha hakuna kitu kitakachomdhuru. Mbaazi za nazi. Viazi vya rojo. Kaimati zilizochovywa kwenye shira ya iliki, ambazo Kamanda alizikagua moja moja kama askari wa gwaride kabla ya kuzimaliza.

Ni kwenye futari hizo nilipomweleza habari za babu yangu na bega lake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Maofisa wake walimlisha?"

"Wakibakisha. Mara nyingi hawakubakisha."

"Basi hawakuwa makamanda."

Angeishia hapo ningeridhika. Lakini mimi ni mtu wa Tanga, neno likinijia halirudi. "Na wewe, Kamanda, kule Urusi kwenye theluji. Vijana wako walikula kila siku. Chakula mlikitoa wapi?"

Akaweka kijiko chini. Nje gari la mtu lilipita likipiga muziki, likapotea.

"Vijijini," akasema. "Vijana wangu walikula. Wenye mashamba hawakula. Nilikuwa nahesabu upande mmoja." Akaangalia bakuli. "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Hata wale walionihoji."

Sikumfariji. Nilimsogezea kaimati iliyobaki, yeye akaikata kwa ukingo wa kijiko, akanirudishia nusu. Tukala. Baada ya hapo moyo wangu ulikuwa mwepesi kwake, sijui kwa nini, labda kwa sababu alijibu.

Mwezi ukaandama. Idd ikaangukia siku ya zamu yangu, na Ingrid akaja siku hiyo hiyo na mumewe, watoto wao na mbwa. Kerubo alimsukuma Kamanda juu ya mizani mbele ya wote, akatazama, akatazama tena.

"Jamani, amepita!" akapiga kelele. "Sasa tutashtakiwa kwa kumnenepesha!"

Ingrid akanipa mikono yote miwili, akaniuliza nimeamkaje, na watoto wangu hawajambo? Kumbe baba yake alikuwa amemfundisha. Habari za Houston hazikutajwa tena, na Jumapili iliyofuata Kamanda alikuwa na mengi ya kumweleza mkewe.

Waliunganisha meza mbili. Nilikuwa nimeleta pilau na kuku wa kupaka, nikapakua, nikasogea ukutani nilipopaswa kuwa, kwani sheria ya nyumba ilikataza wafanyakazi kula na wazee, na zile tende za Ramadhani tayari zilikuwa zimeipinda sheria ile. Kamanda akashika kijiko chake cha bati na kuanza kukagua. Alikielekeza kwa Ingrid, mdomo umejaa. Kwa mumewe. Kwa kila mtoto. Kwa mbwa chini ya meza. Kwa Kerubo, aliyekuwa anatafuna akidhani haonekani. Kisha kijiko kikazunguka taratibu, kikapita meza nzima, kikaja mpaka ukutani, kikasimama kwangu.

"Sajini?"

Pilau ikatoa moshi mbele yake, na ilikuwa wazi kwamba itapoa, kama Krismasi zote zile, ikibidi mpaka kesho. Kerubo akageuka dirishani, akaanza kuutazama mti wa kokwa kwa umakini mkubwa, kana kwamba hajawahi kuuona.

Nikavuta kiti. Nikatia tonge mdomoni, nikalitafuna polepole ili aone, nikalimeza.

"Wamekula, Kamanda," nikamwambia. "Wote."